Hasimami

Ijumaa ile, tarehe 7 Septemba 2012, mpwa wangu alitakiwa kuwa shuleni. Mama yake alijua, mimi nilijua, na hakuna aliyelitaja. Tukaondoka asubuhi kwenda Eton Manor, upande wa kaskazini wa bustani ya Olimpiki mjini London, kuangalia fainali ya wanawake ya tenisi ya viti vya magurudumu kwenye Michezo ya Paralimpiki.

Mimi ni mtu wa kiti tangu utotoni Tanga, kwa sababu ya polio, kwa hiyo nilikwenda na ujuaji wangu. Kwenye mchezo huo nilijua sheria moja tu: mchezaji wa kiti anaruhusiwa kuuacha mpira udunde mara mbili. Nilikuwa nimeshaitupa kwenye kapu la huruma.

Uwanjani walikuwa Waholanzi wawili, Esther Vergeer na Aniek van Koot. Hata shaba ilikwenda kwa Mholanzi mwenzao, Jiske Griffioen. Vergeer alikuwa hajafungwa mechi ya mmoja mmoja tangu Januari 2003. Mimi nilikuwa upande wa van Koot, wala si kwa chuki. Mtu asiyeshindwa huchosha macho. Isitoshe, kule Beijing mwaka 2008 Korie Homan alibakiza pointi moja tu kumng'oa, ikamponyoka. Nikasema, nani ajuaye, huenda ni leo.

Seti ya kwanza, 6-0 kwa Vergeer.

Kijana akaniinamia sikioni. "Mjomba, mbona huyu hasimami?"

Damu ikanipanda. Miaka yote tunaishi nyumba moja, kila Jumamosi tunakwenda wote sokoni, leo ndiyo aulize mtu wa kiti kwa nini hasimami? Nilishafungua mdomo nimkemee, akaongeza: "Mwangalie akishapiga."

Nikamwangalia. Akishapiga, Vergeer hakukaa kuusindikiza mpira kwa macho. Alikuwa ameshageuza kiti, amelipa wavu mgongo, anasukuma mara mbili, anazunguka, na kabla mwenzake hajarudisha yeye keshauelekea. Magurudumu yalipanuka kwa chini kama miguu ya kigoda, kiti kikizunguka papo hapo kama pia. Raketi haikumtoka mkononi. Aliibana kiganjani na kusukumia gurudumu humo humo. Na ile midundo miwili? Mipira mingi aliiwahi kwenye mdundo wa kwanza. Wa pili ulikuwa akiba, kama hela ya mtu ambaye mshahara wake unamtosha.

Van Koot alipata gemu 3 seti ya pili, nami nikashangilia kila moja. 6-3. Februari iliyofuata Vergeer akastaafu, mechi 470 mfululizo bila kufungwa. Siku ile hatukujua kwamba tumeiona ya mwisho.

Jioni tukaenda kwenye uwanja wa mtaani na raketi za kuazima. Kiti changu kilikuwa kile kile cha kila siku, kizito, mfuko wa nyuma umejaa risiti. Nikapiga mpira wa kwanza, ukavuka wavu. Nikatulia kuuangalia.

"Mjomba, usisimame!"

Nikasukuma. Ncha ya raketi ikaingia kwenye spoki, kiti kikapinda kushoto, ngozi ya kidole cha kati ikabaki kwenye chuma. Mpira ulidunda mara nne. Alizihesabu zote kwa sauti.