Mtoto wa kidole tumbo: ninavyozuia mshono usitunge usaha

Mtoto wa kidole tumbo, yaani apendiksi iliyovimba, akifika wodi ya upasuaji, hapa Kigoma ninapofanya kazi ya uuguzi, naanza na mizani. Uzito wa kukisia ndio unaoharibu dozi. Wa kilo 20 anapata antibaiotiki mbili: seftriaksoni miligramu 50 kwa kila kilo, yaani gramu 1, na metronidazo miligramu 7.5 kwa kilo, yaani miligramu 150. Chupa ya metronidazo ina miligramu 500 katika mililita 100, kwa hiyo huyu haki yake ni mililita 30. Ukitundika chupa nzima ukaitwa kitanda kingine, mtoto anamaliza dozi ya mtu mzima. Ndiyo maana nazivuta mapema zile 30 na chupa naiweka kando.

Seftriaksoni ya gramu 1 nayeyusha kwa mililita 10 za maji ya sindano, naongeza saline (maji ya chumvi ya drip), inatiririka kwa nusu saa. Isikutane na Ringa, aina nyingine ya maji ya drip, kwenye mpira mmoja: Ringa ina kalsiamu, na hivyo viwili vikichanganyika hufanya chenga. Wengi hunaswa hapo, maana mtoto aliyetapika tangu juzi huja tayari na drip ya Ringa mkononi. Naifunga, nausukuma mpira kwa saline, ndipo dawa inaingia.

Dawa zote ziwe zimeingia ndani ya saa moja kabla ya kisu. Zikija baada ya kisu, wadudu wameshasambaa kwenye nyama na dawa inawakimbiza kwa nyuma. Kunyoa kwa wembe sinyoi, kwa sababu wembe huacha mikwaruzo wanamojificha wadudu. Mtoto anaogeshwa kwa sabuni, basi.

Akitoka thieta (chumba cha upasuaji) nauliza jambo moja: kidole tumbo kilikuwa kimepasuka? Kama hakikupasuka, antibaiotiki zinakoma, hazivuki saa 24. Mama huuliza, "Dada, mbona mmeacha sindano?" Namwambia uchafu haukumwagika tumboni, na sindano za ziada zitamletea mwanawe kuharisha tu. Kama kimepasuka, seftriaksoni inaendelea mara moja kwa siku na metronidazo kila baada ya saa 8, kwa kawaida siku 3 hadi 5. Daktari anaacha homa ikiwa imetulia na mtoto anakula.

Bandeji ya thieta siigusi kwa saa 48, isipokuwa imelowa. Baada ya hapo, kila nikifungua, mikono inaoshwa kwanza, hata kama nimetoka kuiosha kitanda cha jirani. Kati ya siku ya 4 na ya 7 napapasa kando ya mshono. Pakiwa pekundu, pa moto, pamekuwa pagumu na mtoto anaruka nikigusa, hapo kuna usaha. Daktari anatoa nyuzi moja au mbili, usaha unatoka, tunasafisha kila siku. Kuongeza sindano bila kufungua hakusaidii; dawa haifiki vizuri kwenye usaha uliofungiwa.

Jipu la ndani ya tumbo ndilo linalotudanganya. Huja siku ya 5 hadi ya 10, homa ikirudi baada ya kutulia, mtoto akienda choo mara kwa mara kidogo kidogo, choo kina kamasi. Hapa kwetu homa ikipanda kila mtu anasema malaria. Kipimo cha haraka kinaweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mtoto kutibiwa na kupona, kwa hiyo kikiwa chanya natibisha, lakini ultrasaundi ya tumbo naiomba siku hiyo hiyo.

Kwa sababu hiyo, aliyepasuka kidole tumbo na anayerudi kwao kwa boti simkubalii kirahisi aondoke siku ya 3. Huko hakuna wa kumrudisha usiku homa ikimshika.

Siku ya kuondoka namshika mama mkono, mtoto akisikia: "Mama, ziwani asioge mpaka kidonda kifunge kabisa. Mawese usimpake hapo, wala majivu. Akitoa usaha, akapata homa, tumbo likavimba au akatapika, rudi siku hiyo hiyo, usisubiri tarehe." Nyuzi zisizoyeyuka zinatolewa siku ya 7 hadi ya 10.