Mibuni 41 chini ya mikarafuu: kumbukumbu ya kupambana na kutu

Masika, wiki ya tatu

Leo asubuhi nimegeuza jani la mbuni ulio karibu na mfereji, vidole vikabaki na unga kama niliyeshika manjano. Nikageuza la pili, la tatu. Kutu ya majani, ugonjwa unaoletwa na kuvu.

Nilikuwa nikiamini haitanifikia. Mibuni yangu yote 41 ni robusta, na robusta inaistahamili kutu kuliko arabika. Lakini kustahamili si kukingika. Shamba liko bondeni kidogo, huku Mtambile, Pemba, chini ya mikarafuu aliyoipanda marehemu babu, na mvua imenyesha siku sita mfululizo bila jua kutoka hata la kuanikia nguo.

Jirani amenishauri dawa ya dukani nipige mara moja nimalize. Sikatai kwamba inaua. Lakini kisima tunachochotea maji ya kunywa kiko chini ya mteremko huu huu, na watoto wa dada yangu wananawa hapo kila wakitoka skuli. Hata mrututu, ile chumvi ya shaba, uliochanganywa na chokaa, ambao Wafaransa wameutumia kwenye mizabibu tangu 1885 na wakulima wengi wasiotaka sumu kali wanaukubali, unaacha shaba ardhini, na shaba haiondoki. Nataka kwanza nijaribu njia nyengine.

Siku mbili baadaye

Nimeona nisiende kwa macho tu. Nimefunga vitambaa vyekundu kwenye mibuni minane, minne safu ya juu na minne safu ya chini. Kila mbuni nahesabu majani 50 ya matawi ya chini, maana kutu huanzia huko. Majani 400 kwa jumla, yenye unga ni 131. Nimeandika kwenye daftari la mahesabu ya karafuu.

Mwisho wa masika

Mwarobaini. Kilo moja ya majani mabichi, kuyatwanga kwenye kinu, kuyaroweka usiku kucha kwenye lita 10 za maji, kuchuja kwa kitambaa, kisha kipande cha sabuni ya kufulia iliyoparuzwa ili maji yashike kwenye jani. Nimepiga kila baada ya siku saba, jioni, bomba la mgongoni likielekea juu ili dawa ifike upande wa chini wa jani, kwani ndiko kutu inakokaa. Nimefanya hivyo mara nne.

Nimehesabu tena: 149.

Niseme kweli, nilikaa pale pale kwenye kigogo nikaliangalia daftari. Mwarobaini ni mzuri kwa wadudu, hilo nimeliona kwenye mabiringani ya mama. Kwa kutu iliyokwisha kuingia ndani ya jani, haukunisaidia.

Kipupwe kinaanza

Ami yangu amekuja kuangalia. Ana miaka zaidi ya sabini na hajapanda kahawa maisha yake yote, ni mtu wa karafuu na mpunga. Amesimama katikati ya shamba saa nne asubuhi, akapitisha kiganja juu ya majani, kikatoka kimerowa.

"Mwanangu, mibuni yako haina ugonjwa. Ina kiza."

Sikumjibu, lakini maneno yake nimelala nayo. Saa nne asubuhi, siku isiyo na mvua, na majani bado yana maji! Mbegu za kuvu hii, ule unga, haziwezi kuota bila tone la maji juu ya jani. Zikilipata, na jani likabaki na unyevu saa nyingi, zinachipua na kupenya kwenye vitundu vidogo ambavyo jani linapumulia, na vitundu hivyo viko upande wa chini. Doa unaliona wiki mbili tatu baadaye, au zaidi. Kwa hiyo kutu niliyoiona masika iliingia kabla mimi sijawaza kutwanga mwarobaini.

Kuna jambo moja ambalo Mpemba yeyote wa shamba atalipenda. Nutman na Roberts, watafiti waliochunguza mikarafuu ya Zanzibar iliyokuwa ikifa ghafla miaka ya 1950, ndio hao hao waliokwenda Kenya wakaifanyia kazi kutu ya kahawa, na 1963 wakaandika namna matone ya mvua yanavyoirusha kutoka jani hadi jani. Waliopita kwenye mikarafuu ya babu zetu ndio wananifundisha mbuni.

Kipupwe, wiki ya pili hadi ya tano

Panga, mkasi na msumeno. Safu ya juu tu, ya chini nimeiacha kama ilivyo ili nipate cha kulinganisha.

Nimeondoa maotea yote, kila mbuni nimeuachia mashina matatu. Matawi yanayorudi ndani na yale yanayogusa ardhi yote yamekwenda. Migomba miwili iliyojibana katikati nimeihamisha. Mikarafuu siigusi, isipokuwa matawi ya chini yaliyokauka, na hata hayo nimemuomba ami ruhusa kwanza. Migliricidia, ile miti ya kivuli, nimeikata nusu, majani yake nimeyatandaza kwenye mashina pamoja na makumbi.

Kivuli chote sikukiondoa, na hapa nataka mwenye mibuni anisikilize. Mbuni uliowekwa juani unabeba buni nyingi mno, na mti uliobeba sana ndio kutu inaoushika vibaya zaidi. Ninachotaka ni upepo upite na jua la asubuhi liguse majani, si kuvua shamba nguo. Kipimo changu sasa ni kiganja cha ami: ikifika saa tatu, kikitoka kikavu, inatosha.

Majani yaliyoanguka siyachomi. Kutu inataka jani hai ili ikue, kwa hiyo ya chini nayaacha yawe mbolea. Jivu natia konzi moja tu kwa kila mti, mbuni unapenda udongo wenye uchachu kidogo, na jivu linaupunguza.

Kipupwe kinaelekea kwisha

Nimeona kitu kipya kwenye safu ya chini. Mbuni wa pili kutoka mwisho una kiota cha chungu wa maji moto, na matawi yake yana vidugamba, wadudu wadogo wanaofyonza mti, ambavyo chungu hao wanavichunga kwa ajili ya utamu. Nilikuwa na nia ya kukiteketeza kiota. Nikageuza jani: madoa ya kutu yamezungukwa na utandu mweupe kama pamba, na mengine yamemezwa kabisa.

Iko kuvu nyeupe, Lecanicillium lecanii, inayoua vidugamba na pia kuila kutu. Huko Meksiko watafiti Perfecto na Vandermeer waliona kahawa iliyo karibu na viota vya chungu wenye vidugamba ikipata nafuu kwa sababu hiyo. Na maji moto tunawajua: ndio wanaolinda nazi zetu dhidi ya kunguni wa minazi, jambo ambalo mtafiti Way alilichunguza hapa hapa Zanzibar kabla ya Mapinduzi. Kiota nimekiacha. Nimekata majani manne yenye utandu nikayafunga kwa uzi kwenye mibuni mitatu mengine iliyo na kutu, jioni ya mvua ndogo.

Jana

Hesabu ya majani mapya tu, yaliyotoka baada ya kupogoa. Safu ya juu, majani 200: yenye unga 11. Safu ya chini, majani 200: 46. Mibuni mitatu niliyoifungia utandu bado haijaonesha tofauti.

Kesho baada ya alfajiri naanza safu ya chini, kabla vuli haijaingia. Mbuni wa maji moto nitaupogoa wa mwisho, na kwa mikono mirefu. Ami amesema atakuja na msumeno wake.