Ubao Nauona, Madaftari Siyaoni

Mwalimu wa taaluma alinijia na rundo la madaftari ya Kidato cha Pili, akalitua mezani kwangu kwa kishindo. "Mwalimu, ubao unaujaza hadi pembeni kila siku. Hivi vidaftari ndivyo vinakushinda?" Stafu nzima ikacheka. Nami nikacheka, maana swali lilikuwa la haki na jibu sikuwa nalo.

Ilikuwa 2018, Morogoro. Wiki kadhaa kabla ya hapo, bodaboda niliyopanda kutoka Kihonda iliparamia tuta lisilochorwa rangi, nikatua kwa kisogo. Kofia ngumu ilikuwa moja, nayo ilikuwa kichwani kwa dereva. Nilipoteza fahamu kidogo, nikatapika, nikalazwa. Siti skani, ile picha ya ndani ya kichwa, haikuonyesha damu wala ufa. Wakasema ni mtikisiko wa ubongo, nipumzike, nijiepushe na simu na kelele. Kweli kichwa kikapoa, kizunguzungu kikaisha, usingizi ukarudi. Yakabaki macho.

Kila mstari wa daftari ulikuwa unazaa mwenzake. Chini ya 3x + 5 = 20 ilikuwepo 3x + 5 = 20 nyingine, hafifu, imelalia upande kama mlevi ukutani. Mwanafunzi akikosa alama ya kutoa, sikujua kama amekosa kweli au alama yake imefunikwa na mzimu wa mstari wa juu. Ngazi za shule nilikuwa napanda bila taabu, ila kushuka ilikuwa balaa: kila kipandio kilikuwa viwili, na mguu ulilazimika kuchagua. Nikawa nashuka nimeshika ukuta, wanafunzi wakinipisha kama wanavyompisha mzee. Lakini ubao, nyuso za wale wa viti vya nyuma, basi linalokuja kwa mbali, vyote vilikuwa safi kabisa. Sasa mtu wa namna hii utamwelezaje mkuu wa shule?

Nilikwenda kupima, si pahali pamoja. Kote mtindo ulikuwa ule ule: mita sita, chati ya herufi E zinazoelekea huku na kule, "ziba jicho la kushoto, soma, ziba la kulia, soma." Nikashuka nazo hadi mstari wa mwisho. Macho yote mawili 6/6, yaani mazima. Mmoja akaniandikia matone ya kulainisha macho. Mwingine, kwa upole kabisa, akanishauri nimwone mtu wa ushauri nasaha, kwani ajali huacha hofu ndani ya mtu. Miwani ya kusomea niliyonunua kwa machinga pale Msamvu ilinikuzia mistari yote miwili. Shangazi naye alikuwa na maelezo yake, yakimhusu mtu aliyeukosa uhamisho nilioupata mimi. Sitayaandika. Huyo mtu bado tunasalimiana.

Kilichofungua fumbo ni mkopo. Benki ilitaka picha za pasipoti, nikaenda kwa kijana mmoja mpiga picha ambaye walimu wengi wa upande wetu humwendea. Akanikalisha kwenye stuli, kitambaa cha bluu nyuma yangu.

"Mwalimu, nyoosha shingo."

Nikanyoosha.

"Imelala tena, Mwalimu."

"Nimenyoosha bwana!"

"Umelalia kushoto. Benki watairudisha hii."

Akaiacha kamera kwenye stendi yake, akaja, akanishika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, akaniweka wima kama anavyowaweka watoto. Hapo hapo kamera iliyokuwa mbele yangu ikawa mbili, moja juu, moja chini. Aliponiachia, shingo ikajirudia kushoto yenyewe, na kamera ikawa moja.

Nikamwambia anishike tena. Akanitazama kwa wasiwasi, lakini akanishika. Mbili. Akaniachia. Moja. Tuliendelea na mchezo huo hadi mteja aliyekuwa akisubiri mlangoni akaanza kuguna.

"Lakini mwaka jana hukuwa hivi," kijana akasema. Akafungua kompyuta yake, akapekua, akaitoa picha aliyonipiga kabla ya ajali. Shingo wima kama mlingoti. Nikamwomba anichapie zote mbili, ya zamani na ya sasa, nikaondoka nazo kwenye bahasha.

Nilizipeleka Dar es Salaam, kwa mpimaji macho mmoja, dada aliyesomea kazi hiyo hospitali ya KCMC, Moshi. Kabla hata sijaketi vizuri aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: ukifunga jicho moja, lolote lile, ule mstari wa pili unabaki? Haukuwa unabaki. Basi ndiyo maana, akasema. Ukipimwa jicho moja moja, kila jicho peke yake ni zima, litasoma chati yote. Ugomvi uko kwenye kushirikiana kwao, na ugomvi hauonekani ukimhoji kila mmoja chumba chake.

Akanishikia kalamu mbele, akaizungusha kila upande, kisha akanilaza kichwa kuelekea bega la kulia. Kalamu zikaachana vibaya sana. Kuelekea bega la kushoto zikaungana. Akaziomba picha, akaziweka sambamba, na kwa mara ya kwanza tangu ajali nikamwona mtaalamu akifurahi. Alinieleza kwamba wapo watu waliozaliwa na udhaifu huu, wakaishi na shingo ya upande tangu utotoni bila kujua; picha ya zamani ndiyo huonyesha kama jambo ni la kale au jipya. Langu lilikuwa jipya.

Kilichoumia ni neva ya nne, mshipa wa fahamu, ya jicho la kulia. Katika jozi kumi na mbili za neva zinazotoka kwenye ubongo, hii ni nyembamba kuliko zote, na ndiyo pekee inayotokea mgongoni mwa shina la ubongo, kisha inazunguka safari ndefu hadi kwenye msuli mmoja tu wa jicho, ule unaosaidia kulishusha jicho kutazama chini. Kichwa kikipigwa, huvutika kwa urahisi. Siti skani hutafuta damu na mifupa iliyovunjika. Neva nyembamba iliyovutika haiioni. Na mimi kutwa nzima nilikuwa natazama ubao, yaani mbele na juu, mahali ambapo msuli ule hauna kazi kubwa. Madaftari yako chini. Ngazi ziko chini.

Neva kama hii mara nyingi hupona yenyewe kwa miezi, kwa hiyo upasuaji hauharakishwi. Wakati wa kusubiri nilivaa miwani isiyo na nguvu, nusu ya chini ya kioo cha kulia imebandikwa plasta, ili nikitazama chini nitumie jicho moja tu. Wanafunzi walinipa jina nililolisikia siku moja nikipita dirishani, na si baya sana. Madaftari nikawa nayasahihisha yakiwa juu: nilipanga maboksi ya chaki juu ya meza, nikaegemeza daftari hapo usawa wa macho, peni nyekundu ikitembea kama naandika ukutani. Mwalimu wa taaluma alinipigia bati la kuegemezea, bila kusema lolote kuhusu siku ile.

Mistari ilikaribiana pole pole, ikaungana kwanza asubuhi, kisha hata jioni. Nikichoka sana, au nikiwa na homa, ule wa pili huchungulia kidogo. Plasta niliitoa mwaka uliofuata. Bati bado ninalitumia, maana shingo hainiumi nikisahihisha hivyo. Na mkopo ulitoka. Benki hawakusema neno kuhusu picha.