"Baba Neema, Nyumba Mnauza?"

Mwaka juzi, mwezi wa saba, nilishinda siku tatu napiga picha ukuta wa nyuma wa nyumba yangu hapa Nkuhungu, Dodoma. Matofali ya kuchoma, kamera juu ya stuli, lenzi mbili zikipokezana: ile 18-55 iliyokuja na kamera, inayovutwa kutoka 18 (inaona pana) hadi 55 (inasogeza karibu), na 50 ya f/1.8, isiyovutwa, niliyoinunua mkononi kwa mtu, laki mbili na themanini. Napiga f/1.8, f/2.8, f/4, f/8 (namba ikiwa ndogo ndivyo lenzi inavyofunguka zaidi), kisha nakimbilia ndani kuzikuza kwenye kompyuta nione pembe za picha zimekaaje. Siku ya tatu jirani akachungulia juu ya michongoma.

"Baba Neema, nyumba mnauza?"

Nilicheka, ila sikuacha. Ukuta ukatoa hukumu: 50 ikifunguliwa mpaka mwisho pembe zinalegea, ukiibana hadi f/4 au 5.6 inakata kama wembe. 18-55 ikashindwa, nikaitupia kabatini.

Wiki mbili baadaye nikapata kazi ya kipaimara, Chang'ombe, nyumbani kwa watu. Sebule yenyewe unaijua: makochi ya watu saba, meza ya kioo katikati, feni, na ukoo mzima umejipanga ukutani. Kamera yangu ni Canon ya sensa ndogo, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga (si ile ya watu na makazi), kwa hiyo 50 inabana kama vile ni 80. Nikarudi nyuma, nikarudi tena, mgongo ukagonga kabati la vyombo, glasi zikalia. Ukoo haukuenea. Shangazi aliyetoka Mpwapwa alfajiri akabaki bega na mkoba.

Nilipopeleka picha, mama mwenye nyumba alizipitia moja moja, kimya. Halafu akaniuliza, "Kaka, shangazi yuko wapi?"

Pembe hakuziuliza.

Usiku ule nikafungua mafaili ya mwaka mzima niliyopiga na ile 18-55 iliyodharauliwa. Kompyuta inaonyesha kila picha ulipiga ukiwa umevuta hadi namba gani. Nyingi zilikuwa 18, zilizobaki 55 au hapo karibu. Katikati, kati ya 28 na 40, karibu patupu! Ama nimebanwa kwenye sebule ya mtu, ama natafuta uso.

Wala 50 sikuitupa. Ukumbini, MC akiamuru taa zizimwe ili keki ikatwe, hakuna kingine nilicho nacho kinachofaa. 18-55 ukiivuta mpaka 55 inafunguka f/5.6 tu, 50 kwenye f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 ya huo. Pembe zinalegea, sawa, lakini huko pembeni kuna nini? Giza na viti vya plastiki. Ina mkwaruzo mbele, mdogo kama punje ya uwele, ambao muuzaji aliuziba kwa kidole gumba siku ananionyesha. Nikielekea jua picha inapauka kidogo. Zaidi ya hapo sijawahi kuuona kwenye kazi.

Kinachonisumbua mimi ni vumbi. Kuna siku nilikwenda Mvumi kupiga picha muheme, ngoma ya Wagogo. Akina mama wamebana ngoma mapajani, wengine wanakanyaga, vumbi linapanda mpaka kiunoni, na mimi kwa ujuaji wangu nikachomoa lenzi palepale kwenye upepo kubadilisha, vumbi likaingia hadi kwenye sensa. Kila picha niliyopiga baada ya hapo kwa f/11 ilikuwa na madoa meusi angani. Nimeyafuta moja moja mpaka saa saba usiku, mke wangu ananiuliza hao ni kunguru au nini.

Tangu hapo lenzi naichagua nyumbani, kabla bodaboda haijafika, na haichomoki mpaka nirudi. Nauliza mwenye kazi maswali mawili tu: ni ndani au nje, na watu wangapi watasimama pamoja. Basi.

Jumamosi hii kuna ubatizo Ipagala, sebule tena, watu kumi na tisa. Nakwenda na 18-55. Pete yake ya kuvutia imelegea, inateleza yenyewe nikiinamisha kamera, nimeikaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ile lenzi ya 85 ya milioni na ushee bado naitazama kwenye simu usiku. Mke wangu anajua.