Alinidai kila shilingi

Nilikuwa mwaka wa pili wa sheria nilipokubali mwanamume mmoja anilipie gharama zangu, nami niwe mpenzi wake. Sote tulikuwa watu wazima, hakuna aliyemdanganya mwenzake. Yeye alikuwa na biashara ya kutoa mizigo bandarini, mimi nilikuwa na karo na kodi ya chumba Kisauni, Mombasa. Tulipatana jioni moja ufukweni Mama Ngina, tukila mihogo ya pilipili na ndimu.

Miezi ya kwanza alikuwa mwema, sitamsingizia. Kisha kila M-Pesa ikawa inakuja na swali: uko wapi, na nani, mbona hushiki simu? Wiki ya mitihani alinitaka Nyali saa nne usiku. Nilipokataa, alinitumia orodha ya kila shilingi aliyowahi kunipa, eti nirudishe. Nililia ndani ya matatu tangu Buxton hadi ng'ambo ya daraja. Mama mmoja akanipa ncha ya leso yake nijifute, wala hakuniuliza kitu.

Usiku ule nilifungua daftari la somo la sheria ya mikataba. Kesi ya Balfour v Balfour, 1919: mume aliahidi kumtumia mkewe pauni 30 kila mwezi, mahakama ya Uingereza ikakataa kumlazimisha, kwani ahadi ile haikukusudiwa kuwa mkataba wa kisheria. Nilikuwa nimeikariri kwa mtihani tu. Safari hii niliisoma mikono ikitetemeka, nikiwaza mapatano yetu na orodha yake.

Sasa nina mkopo wa masomo wa HELB na kazi ya kuchapa nyaraka. Pesa hazitoshi. Dada, ukiwa katika hali hiyo leo, niandikie. Sitakuhukumu.