Usukani umetulia jamani!

Wenye magari mtanielewa.

Tangu nitoke Kilosa na zile mvua, gari ikifika spidi 80 usukani unatetemeka mikononi. Ikivuka 110 unapungua. Chini ya 70, kimya.

Kila mtu na jibu lake. Shemeji: "Hizo boljointi." Jirani: "Badilisha shokapu zote." (Kwa hela ya nani sijui.)

Leo nimeenda kwa fundi mmoja mzee hapa Msamvu. Hata spana hakushika. Kauliza tu, "Ukikanyaga breki inazidi?"

Haizidi.

"Basi diski za breki tuziache. Siti nayo inatetemeka?"

Hapana, usukani tu.

"Magurudumu ya mbele hayo. Ya nyuma ungeyasikia kwenye siti."

Akapiga jeki, akafungua tairi la kushoto, akaligeuza.

Nyie! Ndani ya rimu kuna bonge la tope limekauka, saizi ya kiganja, kokoto zimeng'ang'ania humo humo. Pembeni yake kialama cha mstatili, safi kabisa, pale ilipokuwa imebandikwa risasi ya balansi, kile kichuma kidogo cha kusawazisha uzito wa gurudumu. Yenyewe haipo, imebaki gundi tu.

Akachokonoa tope kwa bisibisi, rimu likaoshwa, likapanda kwenye mashine ya balansi, risasi mpya zikabandikwa mpaka mashine ikasoma sifuri pande zote.

Nimeijaribu hadi Mikese, spidi 100. Imetulia tuli!

Kipande cha tope nimekiomba, nampelekea shemeji na boljointi zake 😂

Haya, yako iliwahi kutetemeka hivi? Ikaja kuwa nini?