Akisema maneno yale yale

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Juma hili nawaomba tukae Getsemane, kwenye mstari mmoja ambao hutupita upesi somo la Mateso linaposomwa kwa urefu wake. Mathayo anaandika: "Akawaacha tena, akaenda, akaomba mara ya tatu, akisema maneno yale yale" (Mt 26:44).

Usiku huohuo, kabla ya kufika bustanini, Bwana alikuwa amesali sala ndefu kuliko zote tulizopokea kutoka kinywani mwake, ile inayojaza sura nzima ya 17 ya Injili ya Yohane. Aliwaombea wanafunzi wake, akatuombea na sisi tutakaoamini kwa neno lao, akazungumza na Baba juu ya utukufu aliokuwa nao kabla ulimwengu haujakuwako. Kisha akavuka kijito Kedroni, na sala yake ikawa fupi. Kilichobaki ni ombi moja: Baba, kikombe hiki kiniepuke, walakini si kama nitakavyo mimi. Akalisema, akawarudia wanafunzi, akawakuta wamelala. Akaenda akaomba tena. Mara ya tatu, maneno yale yale.

Naushika mstari huu kwa ajili ya ndugu wengi wanaolalamika juu ya sala zao, na hao si watu walioacha kusali. Ni watu wa Misa na Rozari, wamo makatekista, wamo wazazi, wamo watawa wenye nadhiri za miaka mingi. Wanasema: "Sala yangu ni ile ile kila siku. Midomo inatamka, moyo umekufa ganzi. Naona kama namdanganya Mungu." Wapo wanaofikia kuamua kwamba ni afadhali kunyamaza, wangoje hamu irudi ndipo wapige magoti tena. Kwa hao nataka kusema kwa moyo wangu wote: msiache. Hapo mlipo Bwana amewahi kupiga magoti, na aliparudia mara tatu.

Tumezoea kuipima sala kwa jinsi tulivyojisikia. Machozi yakitoka, tunasema leo tumesali. Moyo ukiwa baridi, tunahesabu kwamba muda umepotea. Lakini kwa kipimo hicho sala ya Getsemane ingehesabiwa kuwa imeshindwa, maana ilijaa huzuni, hofu na jasho, na faraja ya malaika ambayo Luka anaitaja haikuondoa dhiki. Luka anaandika kwamba baada ya malaika kumtia nguvu, Yesu katika dhiki yake "akazidi sana kuomba" (Lk 22:44). Alitiwa nguvu ya kuendelea kusali akiwa bado katika uchungu.

Mtakatifu Teresa wa Ávila aliingia monasteri ya Wakarmeli mwaka 1535, akiwa binti wa miaka 20. Mwaka 1970 Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo, na ni kwa mafundisho yake juu ya sala hasa tunayemfahamu. Mwenyewe anasimulia katika habari za maisha yake kwamba kwa miaka kadhaa, mara nyingi katika saa yake ya sala, alikuwa akitega sikio asikie saa ikigonga, akitamani muda uishe. Angeona nafuu kupewa malipizi mazito kuliko kwenda kujikusanya mbele ya Mungu. Huzuni ilimshika alipokanyaga tu mlango wa kikanisa. Na bado aliingia. Anaongeza kwamba baada ya kujilazimisha hivyo, kuna nyakati alijikuta na utulivu kuliko siku alizokwenda kwa hamu. Maneno hayo ya Teresa yamewashikilia wengi, nami namshukuru Mungu kwamba hakuona haya kuyaandika.

Zaidi ya miaka 1100 kabla yake, Evagrius wa Ponto, mmonaki aliyefariki katika jangwa la Misri mwaka 399, alieleza jinsi mmonaki anavyoshambuliwa na uchovu wa roho wakati wa mchana: anatoka kulitazama jua aone limebakiza kiasi gani kufika saa tisa, wakati wa chakula, na linaonekana limesimama. Anayechungulia simu katikati ya sala ili aone dakika zilizobaki anapambana na adui yuleyule wa jangwani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inalitaja jambo hili wazi inapozungumzia mapambano ya sala, na inalihesabu pamoja na kulegea katika kukesha na uzembe wa moyo. Naona ni vema tulitambue kwa jina lake, kwa sababu wengi wanapopatwa na uchovu huu hudhani imani imekwisha.

Kuna sehemu nyingine ya simulizi la Teresa ambayo haisemwi sana. Kwa zaidi ya mwaka mmoja aliacha kabisa sala ya moyo. Hakuacha kwa ukaidi. Alijiona hastahili: mtu mwenye makosa kama yeye, akaaje faragha na Mungu kana kwamba ni rafiki yake? Akabaki na sala za midomo pamoja na masista wengine. Baadaye alikiri kwamba hicho kilikuwa kishawishi kibaya kuliko vyote alivyopata, kwa kuwa kilivaa sura ya unyenyekevu. Padri Mdominiko aliyemuungamisha ndiye aliyemrudisha, na tangu hapo hakuiacha tena. Ndugu unayesema "nikitengeneza maisha yangu ndipo nitasali", tafadhali lisome jambo hili mara mbili. Sala ndiyo mahali pa kutengenezewa hayo maisha.

Juu ya mawazo kutawanyika nitasema machache. Katekisimu inafundisha kwamba kuanza kuyawinda mawazo hayo ni kuingia katika mtego wake. Inatosha kurudi moyoni. Inafundisha pia kwamba wazo linalotuvuta hutuonyesha tumefungwa na nini. Basi kama ni deni, au mtoto mgonjwa, au neno baya uliloambiwa kazini, na linarudi kila unapofumba macho, acha kulifukuza. Litaje mbele ya Bwana kama lilivyo, kisha rudi kwenye Zaburi uliyokuwa ukisoma. Ukirudi hivyo mara ishirini katika nusu saa, umemgeukia Mungu mara ishirini.

Ukavu, yaani kukosa ladha katika sala, ni habari ndefu zaidi, na hapa tunahitaji ukweli. Si kila ukavu ni usiku wa watakatifu, lile giza ambamo Mungu huitakasa roho. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho, anataja sababu kuu tatu za roho kuachwa katika ukiwa. Ya kwanza ni uzembe wetu wenyewe: tumelegea, na faraja imeondoka kwa kosa letu. Ya pili ni kujaribiwa, ili ionekane tunafika wapi katika kumtumikia Mungu pasipo kulipwa faraja. Ya tatu ni kufundishwa kwamba ile furaha ya zamani haikuwa mali yetu, ilikuwa zawadi. Katekisimu nayo inasema mambo mawili katika fungu moja (namba 2731): ukavu unaweza kuwa wakati wa imani tupu inayoshikamana na Yesu katika uchungu wake na kaburini mwake, lakini kama unatokana na kukosa mizizi, kwa kuwa neno limeanguka penye mwamba, basi kinachotakiwa ni wongofu.

Mtu atajuaje? Yohane wa Msalaba, aliyefungwa Toledo na watawa wa shirika lake mwenyewe kuanzia mwishoni mwa mwaka 1577 hadi alipotoroka Agosti 1578, alitoa alama zinazosaidia. Mtu hapati ladha katika mambo ya Mungu, na wala haipati katika kitu kingine chochote. Roho inasumbuka kwa hofu kwamba haimtumikii Mungu. Na tafakuri aliyoizoea, ya kuwaza na kupiga picha moyoni, haiwezekani tena hata akijitahidi. Alama ya pili ndiyo ninayoiona ya kufariji zaidi. Aliyelegea kweli hasumbuki. Sala imemtoka na amepata burudani nyingine. Wewe unayelia kwa sababu huwezi kusali, kilio chenyewe kinashuhudia kwamba bado unamtafuta. Hata hivyo usijipime peke yako. Mwendee padri wako muungamishi au mlezi wa kiroho, umwambie bila kupamba. Na kama umechoka kwa kukosa usingizi, au unaugua, au una msiba, mwambie na hayo.

Nikitaja usingizi, wapo wanaoteseka kwa sababu husinzia kila wanapokaa mbele ya Ekaristi Takatifu. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24, alisinzia hivyohivyo kwa miaka katika saa za sala na shukrani baada ya Komunyo. Aliandika kwamba hakukata tamaa, kwa kuwa watoto wadogo huwapendeza wazazi wao wakiwa wamelala sawasawa na wakiwa macho. Mtawa huyohuyo, tangu Pasaka ya mwaka 1896 hadi kifo chake, aliishi katika giza zito la imani, akaendelea kutamka imani aliyoipenda asiyoihisi. Kwa upande mwingine, Bwana aliwaamsha wanafunzi waliolala. Anayeweza kusogeza sala yake mpaka saa ambayo mwili una nguvu, na afanye hivyo.

Nirudi kwenye bustani, kwa sababu ugumu mkubwa kuliko yote naona ni huu: kuomba na kutopewa. Kikombe hakikuepushwa. Wakati huohuo Waraka kwa Waebrania unasema kwamba Yesu, katika siku za mwili wake, alitoa maombi na dua pamoja na kulia sana na machozi, "akasikilizwa" (Ebr 5:7). Alisikilizwaje, na kesho yake akasulubiwa? Kanisa linajibu kwa Pasaka: Baba alimpa zaidi ya kile alichoomba kwa uchungu usiku ule, alimpa ushindi juu ya mauti yenyewe, kwake na kwetu.

Agostino aliona jambo hilo katika machozi ya mama yake. Mwaka 383 alitaka kuondoka Karthago kwenda Roma. Monika hakutaka, alimshikilia, na usiku wa safari alikuwa akisali katika kikanisa cha Mtakatifu Sipriani, akimsihi Mungu amzuie mwanawe. Agostino alimdanganya mama yake, akapanda meli, akaondoka. Asubuhi Monika alibaki ufukoni akilia. Baadaye Agostino aliandika, akizungumza na Mungu, kwamba Mungu hakumpa mama yake alichokiomba usiku ule ili ampe alichokuwa akikiomba siku zote, yaani wongofu wa mwanawe. Safari hiyohiyo ndiyo iliyomfikisha Milano kwa Askofu Ambrosi, akabatizwa Pasaka ya mwaka 387. Monika alikuwapo.

Simulizi hili lisitumike kumnyamazisha mwenye uchungu. Monika aliona mwisho wake. Wapo wanaokufa kabla ya kuona. Kanisa linalijua hilo, na ndiyo maana kila Ijumaa usiku, katika Sala ya Mwisho, linaweka midomoni mwetu Zaburi ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani, pasipo mstari wa shukrani mwishoni. Kumwambia Mungu kwamba ni giza nako ni kusali.

Basi kwa juma hili nashauri jambo dogo. Chagua muda mfupi unaoweza kuutunza kweli, hata dakika kumi, na sentensi moja ya Maandiko. Wamonaki tangu zamani wameipenda Zaburi ya 70: "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima." Iseme polepole. Ikikosa ladha, iseme tena. Yesu alikataza kupayuka kwa kudhani kwamba wingi wa maneno ndio unaosikiwa (Mt 6:7). Anayerudia machache kwa kuwa hana mengine hafanyi hivyo. Na siku ambayo kila dakika ni nzito, fuata shauri la Ignasi: kaa kidogo zaidi ya muda uliojipangia. Wala usibadili uamuzi wako wa kusali wakati roho imeachwa katika ukiwa. Ngoja utulie kwanza.

Na wewe ambaye hata sentensi moja haitoki, kumbuka Paulo anavyosema, kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, lakini Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa (Rum 8:26). Kaa kimya ukijua kwamba ndani yako kuna anayesali. Tena usijifiche. Bwana aliwachukua Petro na wana wawili wa Zebedayo, akawaambia roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, akawaomba wakeshe pamoja naye. Tafuta mtu mmoja unayemwamini umwambie: "Nisindikize kwa sala, mimi juma hili nimeshindwa." Naye atakayeambiwa hivyo asianze kuhubiri. Asali Baba Yetu moja kwa ajili yako, palepale, kwa sauti, nawe usikilize.